Maji ya Kulinganishia

Shangazi mpendwa,

Mwaka wa pili unaelekea kwisha tangu tukuzike, na sijawahi kukuandikia. Nilikuwa naongea nawe kimoyomoyo, nikiwa naosha vyombo au nikiwa ndani ya basi kati ya Kibondo na Kasulu, na hilo likawa linanitosha. Leo halitoshi. Kuna jambo natakiwa kumwambia binti yako Odeta, na kila nikilipanga kichwani linanipangukia, kwa hiyo nimekuja kwako kwanza.

Jambo lenyewe ni maji ya iriba lako, ile chemchemi yetu chini ya kilima. Ninavyoandika hivi yamo kwenye vikombe vitatu juu ya meza ya maabara, chumba cha pili kutoka hapa nilipokaa, na juu ya kila kikombe kimekaa kitunguu. Vitunguu hivyo vinatakiwa kuota mizizi, nami kila nikienda kuvitazama naogopa. Odeta ana mimba ya miezi saba. Anakunywa maji hayo asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu wewe ulimwambia kwamba maji mengine yote ya dunia hii ni ya kufulia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukilitunza? Kila Jumamosi ulishuka na panga na jembe, ukafyeka majani, ukabadilisha lile gome la mgomba ambalo maji yalipitia kutoka kwenye jiwe, ukazibua mfereji. Hakuna aliyeruhusiwa kufika na viatu wala sabuni. Aliyekosea hukumtukana, ulimpa panga tu afyeke njia kuanzia iriba mpaka barabarani. Hata katekista, siku alipoosha baiskeli yake pale, alifyeka njia nzima huku jasho linamtoka, na Jumapili iliyofuata mahubiri yake yalikuwa mafupi mno. Ulicheka kanisani mpaka ukajifunika khanga usoni.

Ulipenda kutusimulia mlivyofika, wewe ukiwa mgongoni kwa bibi, mkitokea ng'ambo kule Burundi, mmetembea siku nyingi. Bibi alikunywa pale kwenye jiwe, akatua mzigo, akasema hatembei tena. Kwa hiyo sisi wote tumezaliwa hapa kwa sababu ya yale maji. Siku karatasi za uraia zilipokuja, watu wakipiga vigelegele, wewe uliipokea ya kwako, ukaikunja, ukasema iriba lilishakupa uraia zamani, hawa wamechelewa tu. Ukateka kata moja, ukanywa, ukatupatia na sisi. "Amazi meza," ukasema. Maji mazuri. Sikuwahi kukusikia ukisema hivyo juu ya maji ya mahali pengine popote.

Na jinsi ulivyokuwa mkali kwenye kutoa sumu. Watu wengine huonja pombe ya ndizi tu kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni aone kwamba aliyempa amekunywa na hajafa. Wewe uliionja hata kata ya maji. Siku moja alikuja mjomba wake Odeta kutoka Titye, nikamwinulia kikombe moja kwa moja kama ninavyowaona watu wa mjini wakifanya. Ulikichukua kikombe mkononi mwake, ukanywa funda moja, ukamrudishia kwa mikono miwili huku ukimwuliza habari za mvua. Baadaye ukaniita nyuma ya nyumba. "Unataka waseme nini, mwana wanje, mwanangu wewe? Mtu akiugua njiani, waseme alikunywa kwetu?" Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Sijarudia tena kosa hilo, na desturi hiyo ndiyo iliyoniponza juzi, kama nitakavyokueleza.

Hukuwahi kuelewa sawasawa kazi yangu, na mimi sikukusaidia, maana nilipenda ulivyokuwa ukiieleza. Uliwaambia watu sokoni kwamba mtoto wa kaka yako ni daktari wa maji, maji yakiumwa anaitwa yeye. Basi safari hii tuliletewa maji yanayoumwa kweli. Kuna dampo moja upande huu wa Kibondo, la miaka mingi. Mvua zikinyesha, chini yake panachuruzika maji meusi kama chai iliyochemka mara tatu, na yanaelekea kwenye mashamba. Wenye mashamba wakauliza yana madhara gani. Ikabidi yapimwe.

Vifaa vya kuonyesha ndani ya maji mna nini hasa, madini ya risasi au dawa ya tumbaku au nini, hapa kwetu hatuna. Chupa za namna hiyo tunazifunga, tunazipeleka kwenye maabara kubwa iliyo mbali, na majibu yanachukua wiki. Lakini kuna njia ya kujua mapema kama maji yana sumu, hata bila kujua ni sumu gani. Unachukua kitunguu, unakwangua kitako chake, unakikalisha juu ya kikombe ili kitako kiguse maji. Kwenye maji salama, siku ya tatu mizizi imeshuka kama ndevu za mzee, siku ya tano unaipima kwa rula. Kwenye maji mabaya mizizi inadumaa, au haitoki kabisa. Wewe ungeielewa haraka. Ulikuwa ukifunga maharage ya mbegu kwenye kitambaa kibichi kabla ya kupanda, uone yangapi yanaota, na ukimkuta mtu anapanda bila kujaribu ulimsikitikia kama mgonjwa.

Hayo maji ya dampo hatuyatumii yenyewe tu. Tunayazimua kidogo kidogo kwa maji safi, ili tuone yanaacha kudhuru yakifika wapi. Na kikombe kimoja kinabaki na maji safi matupu, ndiyo maji ya kulinganishia. Maji yaliyochujwa kwa mashine hayafai sana, hayana chumvichumvi na vitunguu vinayasusia. Kwa hiyo bosi wetu, Mama Yunisi, mtu wa Murungu, alituuliza nani anajua chemchemi ambayo watu wamekunywa miaka na miaka bila tatizo. Nilinyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Hata kuyapima kwanza hatukuyapima. Mama Yunisi aliniuliza, "Una uhakika nayo?" nikamjibu, "Yamenilea." Akaandika kwenye daftari: maji ya kulinganishia, chemchemi, Kasulu.

Niliyaleta kwenye dumu la lita ishirini, nimelipakata kwenye basi njia nzima. Kondakta alitaka kuliweka kwenye buti, nikakataa. Nilijivuna, shangazi. Nilijiona nakuleta wewe kazini.

Siku ya tatu vikombe vyote vilikuwa sawa. Kile cha maji meusi matupu hakikuwa na mzizi, hilo tulilitegemea. Vile vilivyozimuliwa, navyo hakuna. Na kile cha kwako, ambacho hakikuwa na hata tone la dampo, kilikuwa na vijinundu vya kahawia, vimevimba nchani, basi. Mama Yunisi aliviinua kimoja kimoja kwenye mwanga. "Hivi vitunguu vya sokoni vimepigwa dawa visiote," akasema. Nilishukuru kusikia hivyo. Tukatafuta vitunguu vingine kwa bibi mmoja anayelima bila dawa yoyote, tukaanza upya. Safari hii Mama Yunisi aliongeza kikombe cha maji ya kwao Murungu, akisema ni kwa utani, tuone ya nani ni matamu.

Siku ya tatu ya awamu ya pili, kitunguu cha Murungu kilikuwa na mizizi mirefu kuliko kidole changu. Cha kwako kilikuwa na vinundu vile vile.

Nilikwenda nje nikakaa kwenye ngazi. Kichwani mwangu nilikuwa naona shimo la moramu.

Unalijua shimo hilo kuliko mimi. Watengeneza barabara walichimba moramu pale juu ya kilima, wakaondoka, wakatuachia shimo kubwa kama uwanja. Lilijaa maji ya mvua, ndama wa jirani akazama. Kwenye mkutano wa kijiji wewe ndiye uliyesimama. Ulisema takataka za soko zinatafuta pa kwenda, na shimo linatafuta cha kulijaza, basi vikutane. "Likijaa tutapanda maharage juu yake," ukasema, na watu wakakupigia makofi. Lilikuwa wazo zuri. Soko lenyewe wakati ule lilikuwa linatoa maganda ya ndizi na mabua. Baadaye zikaja chupa za dawa za tumbaku, betri za sola zilizokufa, makopo ya rangi, na vitu ambavyo hata majina yake hatuyajui. Hakuna aliyetandika kitu chini ya shimo, na kwa nini angetandika? Iriba lako liko chini ya kilima hicho hicho.

Nilishawahi kukuuliza. Nilikuwa nimetoka chuoni, kichwa kimejaa. Nikakuuliza kama lile shimo halitatuletea shida. Ulinitazama kwa huruma. "Maji yanatoka kwenye jiwe, takataka ziko kwenye udongo. Vitakutana wapi?" Nami, mwenye cheti, nilicheka, nikakubali. Sikukubali kwa sababu ulikuwa na hoja. Nilikubali kwa sababu ulikuwa wewe, na kwa sababu yale maji yalikuwa meupe, hayana harufu, na sikutaka kabisa kusikia vingine juu yake.

Wiki yako ya mwisho hukutaka chai wala uji, ulitaka maji ya iriba tu. Nilishuka mwenyewe kuyateka, nikakunywesha kwa kijiko, na midomo yako ikikauka niliilowesha kwa pamba. Hospitali waliandika ini. Hawakuandika kwa nini ini. Tangu siku ile kwenye ngazi sijaacha kujiuliza nilikuwa nakupa nini na kile kijiko, na najua kabisa kwamba hakuna kitunguu kitakachonijibu hilo.

Halafu nikamfikiria Odeta. Mimba mbili za kwanza ziliharibika, ya kwanza wewe ukiwa hai, ya pili miezi mitatu baada ya mazishi yako. Baada ya ile ya pili watu walianza kumnong'ona mama mkwe wake, Mama Speransia. Unawajua watu wa kwetu, hawakosi wa kumtupia lawama. Wakasema mkono wake si mzuri, wakasema wameona majani fulani uvunguni kwake. Odeta hakuamini, lakini hakukataa pia. Alikaa mwaka mzima hali chakula kilichopikwa na yule mama. Ni mimba hii iliyowapatanisha. Mama Speransia alikuja mwenyewe, na mkeka wake na kapu lake, akasema yuko tayari kuteka, kupika na kufua mpaka mtoto azaliwe, na kama hatakiwi aambiwe usoni. Odeta akamkaribisha.

Siku ile ile nilimweleza Mama Yunisi habari za shimo, na nilipotaka kupiga simu nyumbani alinizuia. "Oya, hapana. Hii ni mara mbili, bado haijawa jibu. Dumu lako lilikuwa safi? Unajua lilibeba nini kabla? Ukiwatangazia watu leo, kesho ikaonekana ni dumu, hawatatuamini tena hata dampo likiwa limewaka moto." Alisema kweli. Dumu lile niliazima, lilishawahi kuwekwa mafuta ya taa, ingawa nililisugua. Akanipa chupa mpya zenye vizibo vya kukaza, akaniambia niende Jumamosi nikateke upya, kwa utaratibu, kwenye iriba na pale chini ya shimo. "Na mdomo wako ufunge."

Nikaenda. Sasa ninafika kwenye lile lililonifanya nikuandikie.

Nilipitia iribani kwanza. Maji yalikuwa meupe kama siku zote. Nikajaza chupa, nikaandika saa na mahali, nikafanya vivyo hivyo pale chini ya shimo. Kisha nikapanda nyumbani. Odeta alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, miguu ameinyoosha, anachambua maharage. Amenenepa uso. Amekuwa na ule mwendo wako wa kuinuka kwa kushika goti. Jirani wawili walikuwepo, wale wale wenye ndimi. Mama Speransia alitoka jikoni anafuta mikono, akanisalimu kwa furaha hasa, akasema mgeni wa jua hili hawezi kuulizwa habari kabla hajanywa maji. Akaingia ndani, akarudi na kikombe kimejaa, akakielekeza mdomoni aonje.

Odeta akanyoosha mkono. "Leta mama, leo nitamwonjea mimi."

Ulitakiwa uone ule uso wa Mama Speransia. Mbele ya wale majirani, kikombe kilichotoka kwenye mkono wake, mkwe wake mwenye mimba anakinywa kwa hiari. Na Odeta hakuonja funda moja. Alikunywa nusu kikombe, taratibu, macho yake kwa wale wanawake, ili waone na wakaseme. Kisha akanipa mimi kwa mikono miwili. "Karibu nyumbani, dada."

Nilikuwa na neno hapa kooni, shangazi. Neno moja tu: usinywe. Lakini ningelisema vipi? Ningesema mama mkwe amechota sumu, ndivyo ambavyo wangesikia, hata kama ningeongeza maneno mia juu ya vitunguu. Nikikataa kile kikombe, nimemshitaki yule mama mbele ya mashahidi, na kufika jioni kilima kizima kina habari. Na Mama Yunisi ameniambia nifunge mdomo. Na labda ni dumu. Yote hayo yalinipitia kwa muda ule ule ambao Odeta alikuwa anameza.

Nikakipokea. Nikanywa, nikamaliza. Maji yalikuwa matamu.

Nililala palepale, nikasali nao Jumapili, nikaondoka. Wakati wote huo nilikuwa na nafasi. Nilikaa naye peke yetu jikoni, akanishikisha tumbo, mtoto akapiga teke, nikacheka. Aliniuliza zile chupa za nini, nikasema ni za ofisi, tunapima maji ya kila mahali siku hizi. Akasema, "Yetu wayapime wajifunze maana ya maji." Ni wewe mtupu. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo niliiandika kwenye mtihani wa darasa la saba nikapata vyema, lakini kuitumia kumbe ni kitu kingine.

Leo ni Jumanne. Vitunguu vya awamu ya tatu vimekaa tangu jana, vikombe vitatu vya maji yako na vitatu vya Murungu. Ni mapema mno kuona kitu. Nimeshakwenda kutazama mara nne.

*

Naendelea. Ni Alhamisi.

Asubuhi Mama Yunisi alitangulia kufika. Nilimkuta ameinama juu ya meza, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Vitatu vya Murungu vimeota. Vitatu vya kwako havijaota kitu. Na chupa niliyoijaza chini ya shimo, tulipochovya kile kifaa cha kupima chumvi, namba ilipanda hadi tukadhani kimeharibika. Ya iriba nayo ilikuwa juu, si kama ya shimo, lakini ni juu kuliko chemchemi yoyote tuliyowahi kuipima.

"Nani anakunywa haya?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikuwa nimemtajia Odeta hata siku moja. Nikamwambia ni mdogo wangu, mtoto wa shangazi aliyenilea, ana mimba ya miezi saba, na mbili zilishaharibika, na kwamba Jumamosi nilimdanganya juu ya zile chupa.

Akavua miwani kabisa. "Wewe mwana, una akili? Nilikukataza kuwatangazia watu. Nilikukataza kumwambia ndugu yako ateke kwingine siku mbili tatu, bila kusema kwa nini? Ungeshindwa kumdanganya kwa heri, wewe uliyemdanganya kwa shari?" Kweli lilikuwa jambo dogo namna hiyo. Ningemwambia daktari kakuandikia maji ya kuchota shuleni. Ningemwambia nimeota ndoto. Ningejikwaa nikamwaga kikombe, Mungu wangu, ningemwaga kikombe tu.

Nikampigia pale pale, Mama Yunisi amesimama pembeni yangu.

"Dada, habari za huko?"

"Odeta, umekunywa maji leo?"

Akacheka. "Swali gani hilo? Nimekunywa."

"Ya iriba?"

"Ego. Ya wapi tena?"

Nikamwambia. Sikumwambia vizuri, nilianzia mwisho nikarudi mwanzo, nikataja vitunguu kabla ya shimo. Nyuma yake nilikuwa nasikia kuku, na mtu anatwanga.

"Zile mbili," akasema. "Ni haya maji?"

"Sijui. Hakuna anayeweza kujua sasa."

"Na mama?"

"Sijui, Odeta."

"Sasa unajua nini?"

"Najua usiyanywe tena. Hata kwa kupikia. Hata ukiyachemsha, kuchemsha kunaua wadudu, hiki hakiondoki kwa moto. Na kliniki uende kesho, uwaeleze."

Nikasikia anageuka. "Mama," akaita, na kule kutwanga kukakoma. "Mama, yamwage maji ya jikoni. Ya kwenye mtungi pia. Ego, yote." Mama Speransia aliuliza kitu ambacho sikukisikia. Odeta alisogea mbali na simu, lakini nikamsikia. Alisema, "Hukuwa wewe, mama. Hukuwa wewe." Akalirudia mara nyingi, na mama wa watu akaanza kulia.

Nilidhani amenisahau. Kisha sauti yake ikarudi karibu, imetulia, inafanana na yako ukiwa umekasirika kweli.

"Jumamosi ulipokuja na zile chupa. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa na wasiwasi."

"Nakuuliza ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Na ukaniangalia nikikuonjea."

Hakukata simu, nami sikuikata. Ilikatika yenyewe.

Kesho napanda basi la kwanza na madumu manne ya maji ya Murungu. Mama Yunisi amesaini karatasi, na atakuja Jumamosi tukae na kijiji, tuwaeleze juu ya iriba na juu ya shimo. Watakasirika. Watauliza watateka wapi, na bado sina la kuwajibu. Watauliza pia wazo la shimo lilikuwa la nani, ingawa wote walikuwepo na wote walipiga makofi, nami nitalitaja jina lako kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Naomba unisamehe kwa hilo. Lakini nikiwa mkweli, mkutano haunitishi. Ninachoogopa ni ule mkeka uani, na kama nitaambiwa nikae.

Naomba mtoto awe mzima. Ninaliomba hilo kila ninapovuta pumzi, sijui kuliomba kwa maneno mengine.

Nawe pumzika, kama kuna namna ya kupumzika huku sisi tukiwa hivi. Ila safari hii, shangazi, ukimtokea Odeta usingizini, usinisemee, nitajisemea mwenyewe.

Mimi,
mtoto wa kaka yako